Kopo la Mafuta ya Cherehani

Siku ya kuniaga, manesi vijana wa wodi ya wanawake walinipa saa ya ukutani, keki, na doti ya kanga. Nashukuru. Halafu wakaniuliza swali nililoulizwa nusu ya maisha yangu ya kazi: "Bi Tereza, hivi lile kopo la mafuta ya cherehani kwenye droo lilikuwa la nini hasa?" Nikasema nitawaandikia, maana keki ilikuwa inaliwa, na jambo lile halielezeki mbele ya watu wanaotafuna. Basi nnaandika. Vyeo nilivyopanda na mshahara niliopokea sitavitaja, mtaniwia radhi. Mshahara wa nesi nyote mnaujua, na cheo changu hakikumtibu mtu hata siku moja.

Mimi ni mzaliwa wa Jang'ombe. Wazee wangu walitoka Bara, baba akafanya kazi bandarini mpaka akafa. Sisi ni Wakatoliki, na mtaani kwetu tulikuwa nyumba ya Kikristo katikati ya majirani Waislamu. Sikupata kuliona jambo hilo kuwa la ajabu mpaka wageni wenye kamera walipoanza kuniuliza najisikiaje. Najisikiaje nini? Jirani akipika, sahani inavuka kibaraza. Sisi tukipika, inavuka vilevile. Ndivyo nilivyokua.

Lazima nimtaje mama mapema, kwa sababu habari hii mwisho wake ni yeye. Aliitwa Agnesi. Kila jioni alisali kwa Mtakatifu Yosefu amwombee kifo chema, na sisi watoto tulikuwa tukimcheka kichinichini, maana alikuwa mzima wa afya, anabeba ndoo ya maji kichwani huku anagomba. Lakini alikuwa na sababu. Mama yake mzazi alifia safarini ndani ya treni, kati ya abiria wasiomjua, na hakupatikana hata mmoja wa kumtamkia Baba Yetu. Mama alilibeba jambo hilo moyoni maisha yake yote. Nilipomwambia nimepata kazi hospitali hakuniuliza habari ya mshahara. Alisema, "Tereza, huko ndiko watu wanakofia. Wangalie. Na siku yangu ikifika, nisife kimya."

Siku ya kwanza kazini nilifika na viatu vyeupe vinavyonibana na daftari jipya, tayari kuandika majina ya dawa. Msimamizi wa wodi alikuwa Bi Zuhura, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye ushungi wake haukupata kukaa upande hata upepo uvume vipi. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Njoo huku." Akanipeleka mpaka katikati ya wodi. "Kibla kiko wapi?"

"Sijui, Bi Zuhura."

"Ukuta ule, wenye dirisha la kioo kilichopasuka. Mgonjwa akizidiwa, unamgeuzia uso kule. Umeshika?"

"Nimeshika. Na kabati la dawa?"

"Kabati la dawa lina kufuli, utaliona tu. Kibla hakina kufuli. Nesi asiyekijua atamgeuza mtu wa watu akaelekea chooni."

Hilo ndilo somo langu la kwanza la uuguzi. La pili lilikuwa kwamba wodi ya wanaume iko mkabala na yetu, ng'ambo ya ukumbi, na kwamba kati ya wodi hizo mbili, kwa Bi Zuhura, palikuwa na bahari. Mwanamume aliyekuja kumtazama mkewe alipewa muda wake, akimaliza anasindikizwa. Daktari kijana mmoja aliwahi kupendekeza mgonjwa wetu mmoja alazwe upande wa pili kwa siku chache kwa kuwa kwetu pamejaa. Bi Zuhura alimtazama tu, kuanzia viatu kwenda juu, na kijana wa watu akakumbuka ana kazi mahali pengine.

Enzi hizo sindano tulizichemsha. Nyinyi mnachana karatasi, mnachoma, mnatupa. Sisi tulikuwa na bati la kuchemshia, na mtu alisimama hapo akingoja. Bi Zuhura alikuwa na saa ya mkononi. Mimi sikuwa nayo, nilikuwa na rozari mfuko wa sare. Mafumbo matano, yaani rozari nzima, yakiisha polepole, sindano zimeiva. Padri wetu aliposikia alisema hajui kama niite kusali au kupika. Nikamwambia vyote viwili vinahitaji moto na subira.

Nilikuwa na ujinga wa vijana wacha Mungu. Nilidhani sala ni lazima ionekane. Siku moja nilisimama kando ya mgonjwa mwenye dripu, nimefumba macho, nimekunja mikono, namwombea kwa bidii zote. Nikashtuka nimepigwa kofi dogo la bega. Dripu ilikuwa imekwisha na damu inaanza kupanda kwenye mpira.

"Ukisali hapa fumbua macho," Bi Zuhura akaninong'oneza. "Mungu haondoki ukimtupia jicho mgonjwa."

Nimesoma vitabu vya sala vingi tangu siku hiyo, vingine vinene. Hakuna kilichonifaa kazini kama maneno yale ya mwanamke Mwislamu aliyekuwa na hasira. Tangu hapo nilisali na macho wazi. Nikinawa mikono bombani, Baba Yetu moja. Nikitandika kitanda cha aliyefariki, raha ya milele umpe ee Bwana, nakunja pembe ya shuka. Adhuhuri, adhana inapopigwa, na mimi nasali Malaika wa Bwana kimoyomoyo huku nagawa vidonge. Mgonjwa hahitaji kujua. Anachohitaji ni kidonge chake.

Sasa kuna utaratibu ambao nyie mmeukuta, na ninaomba msiuache. Haujaandikwa popote. Mwezi wa Ramadhani, magharibi inapoingia, manesi Wakristo ndio wanaobaki wodini ili wenzao wakafuturu kwa utulivu. Krismasi na Pasaka asubuhi, Waislamu ndio wanaobaki ili sisi twende Misa. Hakuna anayeomba na hakuna anayeshukuru. Ni kama kupokezana ndoo kisimani.

Basi ilikuwa Ramadhani, na zamu ya magharibi nilikuwa peke yangu. Bi Zuhura na wenzake walikuwa kwenye kile chumba cha mwisho wa jengo, na uji wao na tende zao. Wagonjwa wanaoweza kutembea walitoka barazani, jamaa zao walikuwa wamewaletea futari. Ndani walibaki wasioweza kuinuka. Mmoja alikuwa Bi Mize, bibi wa Makunduchi, moyo umechoka, miguu imevimba, sikio moja haliskii kabisa na la pili linasikia likitaka. Wanawe walikuwa njiani kutoka shamba. Nilipompima presha nikajua hawatawahi.

Na yeye alijua. Akanishika mkono wa sare. "Mwanangu," akasema, "nitamkie. Nisijesahau."

Wenyeji mnajua alichotaka. Mtu akiwa katika kufa, Mwislamu, huwekewa mtu karibu wa kumtamkia shahada ili naye aifuate, yawe ndiyo maneno yake ya mwisho. Bi Mize aliona sare nyeupe, hakuona msalaba mdogo shingoni. Na maneno yenyewe nnayajua, nani aliyekulia Jang'ombe asiyajue? Ningeweza kuyasema bila kukwama.

Lakini shahada ni ushahidi. Anayeitamka anashuhudia mbele ya Mungu kwamba hivyo ndivyo anavyoamini. Ningeitoa mdomoni tu, ningekuwa nimemdanganya bibi wa watu saa ambayo mtu hastahili kudanganywa, na nimecheza na imani ya watu na yangu pia. Na nikikataa, atakufa kimya, kama bibi yangu ndani ya treni. Nikatoka mlangoni nikaita. Adhana ilikuwa hewani, msikiti huu unaipokea kwa ule, nani atanisikia?

Kitanda cha mwisho, upande wa dirisha, alilala Mwalimu Salma. Alikuwa akifundisha chuo cha Kurani kwetu Jang'ombe, nami namfahamu tangu utoto. Alikuwa ametoka kupasuliwa tumbo, mshono mbichi, hawezi kuketi wala kugeuka.

"Mwalimu Salma!" nikaita. "Bi Mize anataka kutamkiwa!"

"Mlete!" akajibu. "Mie siinuki, mlete yeye!"

Mlete! Vitanda vile vilikuwa vya chuma, vina magurudumu, lakini hayakuzunguka tangu siku yalipofungwa. Kutu ilikuwa imeyakumbata. Nilitia bega, nikasukuma, na kitanda kikapiga ukelele wa kuamsha maiti. Bi Mize akashtuka, macho yakamtoka. Nikasema, "Samahani Bi, twende mara moja tu." Nikasukuma tena. Kikalia tena. Wodi nzima, mchoro wa magurudumu yale ukabaki sakafuni, upo mpaka leo chini ya zile tailzi mpya. Nikakifikisha, nikakigeuza kichwa upande wa kibla, nikakibana na kitanda cha Mwalimu Salma mpaka vyuma vikagusana.

Mwalimu Salma akaunyoosha mkono, akamshika sikio lile linalosikia, akalileta mdomoni kwake. Akatamka polepole, kwa ile sauti ya kufundishia watoto. Bi Mize akafuata. Mimi nilishika mkono wake mwingine nikasali Baba Yetu kimoyomoyo, macho wazi. Akatamka mara ya pili, akafuata. Mara ya tatu alifuata kwa midomo tu, na baada ya hapo hakusema neno jengine.

Bi Zuhura aliingia na tende moja mkononi, bado hajaila. Akaona nafasi tupu mahali pa kitanda, akaona mikwaruzo sakafuni, akafuata mpaka alipotukuta. "Nani amehamisha kitanda?"

"Mimi."

"Kwa nini hukumtamkia wewe? Si unayajua?"

"Nayajua, Bi Zuhura. Lakini si ya kwangu."

Bi Zuhura akaiweka tende juu ya kabati. Halafu akamfumba macho Bi Mize, akamfunga kidevu kwa kitambaa, na alipomaliza akaniambia nikanawe nikanywe uji. Kwa Bi Zuhura hiyo ndiyo ilikuwa sifa.

Jumamosi nilikwenda kuungama, nikamweleza padri habari nzima, maana sikuwa na hakika niiweke fungu la dhambi au la. Akauliza, "Ulisali?" Nikasema nilisali. "Sala gani?" Baba Yetu. "Na yeye alisali?" Alisali. "Sasa umekuja kuungama nini? Ondoka, kuna foleni." Nikaondoka. Lakini kile kilio cha magurudumu kilikuwa bado kinanisumbua. Bibi yule dakika zake za mwisho duniani alizitumia kushtuka. Nikapita Mlandege, kwenye duka la vyerehani, nikanunua kopo la mafuta lenye mdomo mrefu. Ndilo hilo. Nikaanza kuyatia magurudumu kila Jumamosi, kitanda kimoja kimoja, nimepiga magoti, na gazeti kuukuu la kukingia. Mara ya kwanza ilinibidi nitumie na nyundo.

Walinicheka, lo! Wengine waliniita fundi baiskeli. Dobi wa hospitali akaja siku moja na cherehani ya mkewe. Bi Zuhura hakucheka, lakini naye hakunisaidia. Alisimama pembeni akiangalia, kisha akasema, "Tereza, mie na wewe tuna deni. Nifundishe ya kwenu."

"Ya kwetu ipi?"

"Mnayosoma mtu wenu anapokata roho. Sisemi niisome, hasha. Nijue inaanzia wapi na inaishia wapi, nisije nikaingia katikati na sindano."

Basi hapo, mimi nimepiga magoti chini ya kitanda na mafuta mkononi, nikamfundisha rozari ilivyo. Punje hizi ni Salamu Maria, kumi, hii ya peke yake ni Baba Yetu, hapa ndipo fumbo linaisha. Mmoja anaanza, mwengine anamalizia. Akaichukua, akaipitisha vidoleni. "Tasbihi," akasema. Nikasema ndugu yake. Akauliza ile Salamu Maria inamalizia na nini. Nikamwambia: utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu.

"Alaa," akasema. "Kumbe mnaitaja kabisa."

Ndiyo, tunaitaja. Na mimi nilikuwa nimeitaja tangu utoto kama kasuku, mpaka nilipoajiriwa mahali ambapo hizo saa mbili, ya sasa na ya kufa, zinakutana kila wiki. Ukiniuliza imani nimejifunzia wapi, nitakwambia kanisani nilipewa maneno, na wodini nikaonyeshwa maana yake.

Miaka ikapita. Sindano zikaja za kutupa, tukafurahi, ingawa rozari yangu ilipoteza jiko. Simu za mkononi zikaja, na vijana wakawa wanamwekea mgonjwa Yasini kwenye simu kando ya mto. Sina ugomvi na simu. Lakini nilikuwapo siku kisomo kilipokatika katikati, likaingia tangazo la sabuni ya kufulia, na mwanamke yule anakata roho anaambiwa madoa yote yataondoka. Binti yake alilia na kucheka kwa pamoja. Ndipo nilipowaambia nyie, na nnarudia: simu si mtu. Tafuteni mtu. Akiwa hawezi kuja, pelekeni kitanda.

Kisha mama akaugua. Ini. Alilazwa wodi yetu wenyewe, kwa siku za mwisho za Majilio, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Bi Zuhura alikuwa mwaka wake wa mwisho kazini. Mkesha wa Krismasi padri alikuja akampa Mpako wa Wagonjwa na Komunyo, na mama akawa mtulivu, akala vijiko viwili vya uji. Nilikuwa nimeamua kutokwenda Misa asubuhi. Mume wangu alikuwa Dar es Salaam kikazi, kaka yangu yuko Tabora, pale alikuwa na mimi tu.

"Nenda," akaniambia asubuhi. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ni ileile ya kugombea ndoo. "Nenda ukaniombee. Hata mimi nina haja na Krismasi."

"Na wewe?"

"Mimi nipo na Zuhura."

Nikamtazama Bi Zuhura. Akasema, "Presha yake si mbaya. Nenda urudi. Zamu ni yangu, na utaratibu unaujua."

Nikaondoka na rozari yake mkononi, nilipofika mlangoni nikakumbuka, nikarudi nikamvisha kiganjani. Misa kanisa la minara miwili, pale Mji Mkongwe, ilikuwa imejaa mpaka uchochoroni. Simu niliizima kama inavyotakiwa. Niliimba, nilipokea, na ninakiri nusu ya moyo haikuwapo. Padri alipotoa baraka nikatoka kabla ya wimbo wa mwisho, nikaminyana na watu na vespa kwenye vichochoro, nikaiwasha simu. Bi Zuhura alikuwa amenipigia. Nikampigia, haipokelewi. Nikaanza kukimbia na viatu vya sikukuu.

Nilipoingia wodini, kitanda cha tatu hakikuwapo. Nafasi tupu, glasi ya maji juu ya kabati, na kandambili za mama chini, zimepangwa. Mgonjwa wa jirani, msichana wa Nungwi, alikuwa ameinamisha uso. "Wamempeleka kule," akasema.

Nyie mnajua hospitali "kule" ni wapi. Kitu kimoja tu ndicho kilichonijia kichwani, na kilinichoma: amekufa kimya. Mama wa watu miaka yote ameomba jambo moja, na mimi mtoto wake, nesi, ninayewahamishia wengine vitanda, nilikuwa uchochoroni nakwepa vespa. Nikatoka ukumbini nimeshika ukuta.

Ndipo nikasikia sauti za wanaume. Hapana, ya mwanamume mmoja, nzito, ya mkwaruzo, na wengine kimya kabisa. "Salamu Maria, umejaa neema…" Ilitoka ng'ambo. Wodi ya wanaume.

Huko alikuwa amelazwa Mzee Benedikto, mgema wa tembo kutoka shamba. Aliteleza juu ya mnazi akavunjika paja, na mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na vyuma vya uzito, haruhusiwi kugeuka wala kubanduliwa. Mkatoliki, lakini wa zile Krismasi mbili tatu katika maisha. Bi Zuhura alikuwa hamtaki hata kumsikia, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya mdomo wake. Siku moja mzee alimtania, akamwambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji, basi yeye Bi Zuhura asimsifu kamwe. Bi Zuhura alimjibu kwamba hana mpango huo.

Nikasukuma mlango. Kitanda cha mama kilikuwa kimebanwa na cha Mzee Benedikto mpaka vyuma vimegusana. Kuzunguka vitanda vyote viwili walikuwa wametundika kanga kwenye kamba, kuwakinga na macho ya wanaume, na wanaume wenyewe walikuwa wamegeukia ukutani kwa hiari yao, mpaka yule mwenye redio alikuwa ameizima. Bi Zuhura alisimama ndani ya kanga, ushungi umenyooka, ameshika kiganja cha mama chenye rozari. Hakuwa anasali. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Kila Mzee Benedikto alipofika Amina, Bi Zuhura alisogeza punje moja kwenye vidole vya mama, akangoja nyingine.

Na mama alikuwa hai. Alikuwa anajibu. Si maneno yote, ncha zake tu: "…wakosefu… saa ya kufa kwetu."

Mzee Benedikto aliniona. Uso wake ulikuwa umelowa machozi na jasho. "Fumbo la tano hili, mwanangu," akasema. "Nilidhani nshalisahau, kumbe fimbo ya katekista haisahauliki. Koo limenikauka. Malizia wewe."

Nikapiga magoti, nikapokea pale alipoachia. Nilianza, mama akamalizia, Bi Zuhura akasogeza punje. Tukafika mwisho, tukaanza tena fumbo la kwanza, maana bado alikuwa anataka. Alikata roho katikati ya Salamu Maria, nusu ya kwanza nimeisema mimi, na nusu ya pili akaipokea Mzee Benedikto kwa sauti ya kukwaruza. Nililia hapohapo sakafuni, wodi ya wanaume, na hakuna aliyeniambia nitoke.

Baadaye, tulipokwisha kumstiri, tulikaa na Bi Zuhura kwenye kile chumba cha mwisho. Aliniambia hali ilibadilika ghafla mara tu nilipoondoka. Mama alimshika mkono wa sare akamwambia, "Zuhura, kimya hiki." Akanipigia simu, imezimwa. Akakumbuka Mkatoliki mwengine ni mmoja tu katika jengo zima, na amefungwa mguu.

"Bi Zuhura," nikasema, "wodi ya wanaume?"

"Sasa ningefanyaje? Yeye hawezi kuja." Akanywa chai. "Na yale maneno nayajua, nshayasikia kwako mara ngapi. Lakini si ya kwangu."

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa wauguzi akamweleza alichokifanya, kabla hajaulizwa. Na kwa Mzee Benedikto alipeleka chai kwa mkono wake mwenyewe, bila kumsifu.

Sasa Bi Zuhura yuko kwake Mlandege, macho hayaoni vizuri. Nikienda kumtazama huniuliza kama mnatia mafuta. Mimi humwambia mnatia, basi msinifanye mwongo. Kopo liko droo ya chini, mkono wa kushoto. Jumamosi, magurudumu yote, na yale ya nyuma yanayoshika nywele myasafishe kwanza. Msichana wa Nungwi aliniambia siku ile kwamba alikuwa amelala, akafumbua macho akakuta kitanda cha jirani yake kinapita mlangoni, na hakikutoa sauti hata kidogo. Aliyekuwa anasikika ni mama, amekwishaanza rozari mwenyewe njiani.